Nati Nne za Gurudumu la Nyuma

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Mjimwema. Babu yako hajambo, na mahindi tumeanza kuvuna.

Umeniuliza kama gari lako dogo la plastiki ulipake rangi kwa kufuata picha ya kwenye boksi. Mimi nilipokuwa msichana, mwalimu wetu alinipa lori la namna hiyo la kuunganisha vipande, nikaamua lifanane na lori la baba. Nilichuchumaa kando ya lori lake nikitazama kila kutu na kila mkwaruzo, kisha nikaingia ndani kupaka.

Asubuhi ya harusi ya shangazi nilimwonyesha baba. Alicheka kwa furaha, halafu akasema, "Hili gurudumu la nyuma umelikosea. Nati ni sita, wewe umeweka nne."

"Sijakosea, baba. Nilizihesabu jana."

Kicheko kilimkauka. Nje, ndugu zetu walikuwa wameshapanda lori kwenda Maposeni, mama akiwa amempakata mdogo wangu. Baba aliinama kwenye gurudumu. Nati mbili hazikuwepo, na ya tatu aliizungusha kwa vidole tu.

"Shukeni! Shukeni wote!"

Sijawahi kumsikia tena akipiga kelele vile. Alikaa chini vumbini na suti yake ya harusi.

Tulichelewa sana harusini, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo rangi paka unavyoliona gari la kweli, mjukuu wangu. Lakini mimi mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Niliziona nati zile tangu jana yake, nikaenda kupaka rangi.

Bibi yako akupendaye