Saa Yako Ni Nzima, Tata

Ijumbi, Muleba

Tata wangu mpendwa,

Hapana, haijaharibika, na ninakuomba uiache palepale ilipo, mkononi mwa mkweo. Simu ya jana ilikatika kabla sijamaliza kujieleza, ndiyo maana naandika. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama bado anakulazimisha kutembea asubuhi? Sisi hatujambo, na mimi nina furaha mpaka majirani wananicheka.

Shangazi alikuambia kweli. Alipotutembelea alimkuta Deo anakamua ndizi za pombe ya rubisi, mikono imezama hadi viwiko kwenye nyasi na maji ya ndizi, na ile saa ya Uswisi uliyompa siku ya harusi yetu ameivaa. Wenzake walikuwa wanamtania: "Deo, hiyo saa inakuambia ndizi zimeiva?"

"Inaniambia mke wangu ananisubiri," akajibu. Tata, nilikimbilia jikoni kuficha uso!

Lakini ulipopiga simu mara ya kwanza ukasema ulimpa saa ya heshima akaifanya ya shambani, na kwamba kama hawezi kuitunza airudishe, aliivua palepale. Akaiosha, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini kama ulivyokuwa unafanya wewe. Siku ya tatu tukaikuta imesimama. "Koku, nimeua saa ya baba mkwe," akasema. Hata chai hakunywa.

Tukaipeleka kwa fundi saa wa pale sokoni Muleba. Aliitikisa kidogo tu, ikaanza kutembea.

"Nani kawaambia muifungie?" akatuuliza. "Hii haina betri. Inajazwa na mkono unaotembea. Ukiivua siku mbili tatu, inalala."

Nikamuuliza kuhusu yale maji ya ndizi. Akaikagua kwa lenzi yake, akasema halijaingia hata tone, na mikwaruzo ya kwenye chuma ni ya juu tu. "Imetengenezwa kwa watu wanaofanya kazi, dada. Isuuzeni, basi."

Kumbe zile siku zote uliposema saa inaumwa, ilikuwa imelala tu kabatini kwako!

Sasa inakwenda naye migombani, kanisani, kila mahali. Kila asubuhi naipima na taarifa ya habari ya redio, na haijachelewa. Jioni naisuuza mwenyewe nikiwa nimemshika mkono, na kazi hiyo simwachii mtu. Nampenda mno, Tata. Ulinioza kwa mtu mwema.

Ila yeye hana amani. Kila akiitazama anauliza, "Baba bado ana hasira?" Maneno yangu hayamtoshi, anataka ya kwako.

Mpe Mama salamu zangu nyingi. Shangazi mwambie simchukii, rubisi yake ipo. Mama mkwe, ambaye ananilea kama aliyenizaa, anawasalimu wote hapo Kahororo.

Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda basi la Bukoba kuja hapo nyumbani, mimi na Deo, naye atakuwa ameivaa. Nataka umwambie mbele yangu kwamba ni yake.

Binti yako akupendaye,
Kokushubira