Mtumbwi Uliofungwa kwenye Jiwe

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Makoko tu wazima, ila babu yako na goti lake bado hawaelewani.

Eti uache netiboli kwa sababu huwezi kudaka mpira na wenzako wanakucheka? Thubutu!

Enzi za Mwingereza, mimi nikishika kasia, mtumbwi ulikuwaga unazunguka tu. Shangazi yangu akaufunga kwenye jiwe, akasema, "Piga kasia hapo hapo." Watoto wakajaa ufukweni kunicheka.

"Unaenda wapi?"

"Kisiwani Ukerewe!" nikawajibu, nami sisogei hata kidogo. Ikawa hivyo kila jioni.

Siku moja Shangazi alifungua kamba kimyakimya. Watoto wakauliza tena. Nilipogeuka kuwajibu, ikabidi nipige kelele, maana nilikuwa nimeshawaacha mbali.

Rudi uwanjani. Waache wacheke mpaka wachoke.

Bibi yako