Nilisema Nimeanguka Bafuni

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu mchana, wingu limeshuka mpaka usawa wa mabati, na duka langu la maziwa halina mteja hata mmoja. Afadhali. Leo sitaki mtu aniangalie usoni.

Jicho la kushoto limefunga nusu. Wekundu umeisha, sasa ni zambarau. Asubuhi nilipaka poda, nikaifuta, maana ilinifanya nionekane kama mtu anayeficha kitu. Na kweli naficha.

Ngoja niandike kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kujipambia.

Jumatatu mazoezini nilipigwa kiwiko. Hakuna mwenye kosa. Nilikuwa chini, Solange yuko juu yangu, nikajaribu kumgeuza, kiwiko chake kikateleza kikatua juu ya shavu. Solange ni msichana wa Kanama, analima viazi na wazazi wake, na mikono yake haina mzaha. Aliomba msamaha mpaka nikamwambia anyamaze tuendelee. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la saruji, juu ya magodoro mabovu tuliyoyashonea turubai. Hiyo ndiyo MMA ya Gisenyi, ngumi na mieleka kwa pamoja: wanawake wawili, wanaume wachache, na kocha aliyekulia Uganda ambaye akikasirika anahamia Kiingereza.

Na Faustin, mume wangu. Yeye hapigani, ni mwalimu wa shule ya msingi. Anakuja kila zoezi, ananifunga bendeji za mikono, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Ngumi ikinipata sawasawa, utaona kalamu imesimama.

Mbali na hao, hakuna anayejua. Naimba kwaya, nauza maziwa, basi. Hapa kwetu mwanamke wa kupigana ana jina lake, igishegabo, yaani jike dume, na nimesikia jinsi linavyotamkwa, mdomo ukipindishwa upande. Nikamwambia Faustin tunyamaze kwanza. Nipate pambano moja Kigali, nishinde, nirudi na picha, ndipo tuseme. Nilimwapisha. Akaapa huku anacheka, lakini akaapa.

Kulalamika ndiko ninakokuweza. Wiki mbili zilizopita niliandika hapa hapa, kwa hasira, kwa nini mchezo wetu haukui. Ukumbi hatupewi: ofisini wilayani waliuliza kama ni ndondi au karate, kocha akasema ni vyote viwili na mieleka juu yake, wakasema chagueni kimoja mrudi. Wenye pesa wanataka mpira na baiskeli. Wachungaji wanasema ni damu. Wazazi wakiona mtu anapigwa akiwa chini wanawatoa watoto wao, na watu wa hapa wana sababu zao za kutotaka kuona mtu akipigwa akiwa chini, sababu ambazo mimi siwezi kubishana nazo. Nilimtaja kila mtu. Jina langu halikuwemo.

Haya, jana.

Jana jioni ilikuwa siku ya umugoroba w'imiryango, mkutano wa familia wa mtaa wetu, yaani mudugudu. Tunakaa kwenye mabenchi uani kwa mkuu wa mudugudu na kuongea mambo ya nyumbani: watoto walioacha shule, waume wanaokunywa, wake wanaokimbilia kwa jirani. Faustin ana nafasi yake pale. Majirani wenyewe walimchagua awe rafiki wa familia, yule anayeitwa nyumba ikiwa na ugomvi. Ameingia katika nyumba nyingi za hapa Mbugangari na ile sauti yake ya upole, akakaa katikati ya mke na mume mpaka chai ikaletwa. Anaipenda kazi hiyo kuliko hata ualimu, ingawa hailipi kitu.

Nilifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, nikakaa benchi la nyuma.

Haikusaidia. Mama Odette akasimama. Ni mjane anayeuza makaa, alirudi kutoka Kongo na Kiswahili chake cha kule, na hajawahi kumwogopa mtu. "Mi nitasema, hata kama mutanichukia," alisema. "Huyu mwalimu anakuyaka kutufundisha amani mu manyumba yetu. Bon. Atuambie ile jicho ya bibi yake imefanya nini."

Wote wakageuka. Faustin alinitazama, bila hasira, anangoja tu. Mimi ndiye niliyemwapisha, kwa hiyo mimi tu ndiye ningeweza kusema.

Ilikuwa sentensi moja. Napigana, niliumia mazoezini. Lakini benchi la mbele kulikuwa na wanakwaya wenzangu wawili, wameshageuza shingo, na nikaliona lile jina limekaa tayari midomoni mwao. Nikafungua mdomo.

"Nilianguka bafuni."

Hakuna mwanamke pale ambaye hakuyajua maneno hayo. Ndiyo wanayoyasema wote. Nilipoyasikia yakitoka kwangu nilitamani kuyarudisha, na nafasi nilikuwa nayo. Mama Odette akaniangalia kwa huruma ambayo sikuistahili hata kidogo. "Mwanangu," akasema, "hata mi nilianguka mu bafuni. Nilianguka ile miaka yote, mpaka bwana yangu alikufa."

Nikainamisha kichwa. Kuinamisha kichwa pia ni jibu, najua.

Mkuu wa mudugudu alisema kwa heshima kwamba Mwalimu aiache kwanza ile nafasi ya rafiki wa familia, jambo litazamwe polepole. Faustin akainuka, akasema amesikia, akakaa. Mzee aliyekuwa pembeni yake akasogea kidogo kwenye benchi. Kidogo tu. Faustin aliona, na mimi niliona.

Kurudi nyumbani alitembea mbele yangu, jambo asilolifanya kamwe. Mlangoni akasema, "Mukutano haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba uliniangalia, ukajua, na bado ukasema ile."

Halafu akapasha maji, akachovya kitambaa, akanikanda jicho. Hapo ndipo nilipolia. Angenifokea ningejitetea, najijua, mdomo wangu hauchoki. Lakini mtu anakukanda jicho ambalo mudugudu mzima unaamini amelipiga yeye, utamwambia nini?

Najiita jasiri. Solange akinikalia kifuani na kunishushia ngumi, sipigi kofi la kusalimu amri mpaka kocha mwenyewe aingilie. Najivunia hilo, nimeliandika humu mara nyingi tu. Jana nilishindwa kuinuka kwenye benchi mbele ya wanawake wawili wa sauti ya pili ya kwaya.

Nina aibu. Nimekaa na aibu hii tangu jana kama mtu aliyevaa nguo mbichi.

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, nilikwenda kwa Mama Odette. Nilidhani kusema ukweli ndiyo kazi ngumu na kwamba nikishausema mengine yatajipanga yenyewe. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa chai, akaacha makaa yake akanisikiliza. Nikamwambia yote. Kwamba napigana, kwamba ni mchezo, una sheria na mwamuzi, kwamba ni Solange aliyeniumiza na tulicheka baadaye, kwamba namlipa kocha kwa pesa yangu ya maziwa.

Akanishika goti. "Ni yeye amekutuma useme hivi?"

Nikasema hapana, mama, nimejileta.

"Mutu anapigwa kwa kupenda," alisema polepole, kama anayejaribu kuonja chakula asichokijua. "Tena analipa." Akatikisa kichwa. Akaniambia mume wake alimtuma na hadithi nyingi za kuwaambia watu, lakini kubwa namna hii hajapata kuisikia. Na nikiogopa, niende kulala kwake, mlango haufungwi.

Picha sina hata moja. Nilikataza mtu yeyote asinipige picha kule ghalani.

Nimeufikiria mchezo wetu leo kuliko siku zote. Naweza kuilaumu ofisi, naweza kuwalaumu wachungaji, na sehemu itakuwa kweli. Lakini Mama Odette hajawahi kuona mwanamke akipigana kwa hiari, wakati mwanamke huyo humuuzia maziwa kila asubuhi. Ukweli wangu umekuwa uongo mkubwa kuliko ule wa bafuni, na aliyeufanya hivyo ni mimi. Miezi yote hii ningepita na begi langu barabarani, wangenicheka, wangeniita igishegabo mpaka wachoke, na jana wangeliona jicho hili wakauliza tu nani alishinda. Jina baya lingekuwa langu. Sasa amelibeba Faustin, tena lililo baya zaidi.

Kabla ya kuondoka nikamwomba Mama Odette aje Jumamosi ghalani aone kwa macho yake. Aje na yeyote anayemtaka, hata wanakwaya, hata mkuu wa mudugudu. Sauti ilinitetemeka kwenye neno wanakwaya, na Mama Odette aliisikia, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aanze kuwaza huenda nasema kweli.

"Nitakuya," akasema mwishoni. "Nitaleta na wengine. Lakini yeye asikuwe pale. Akiwa pale, utafanya vile anataka."

Nikakubali. Ana haki, mimi ndiye niliyempa sababu.

Faustin amepita dukani sasa hivi akitoka shule, amelowa mpaka magotini. Nimemwambia hapa hapa, kabla hajakaa: Jumamosi watakuja kunitazama, na wamesema yeye asiwepo. Anipishe. Abaki nyumbani kama mshtakiwa wakati mimi naonyeshwa kwa watu. Nilitegemea aseme hapana, na ningemwelewa. Alivua miwani akaifuta kwa shati ambalo nalo lilikuwa limelowa.

"Leo mu shule wazazi wawili walipita bila kunisalimia," alisema. Halafu akaniuliza ni nani atanifunga bendeji za mikono siku hiyo, maana nikijifunga mwenyewe huwa zinalegea.

Sikuwa nimelifikiria. Nikasema labda nitajifunga.

Akaangalia mlangoni kama kuna mteja. Hakuna. Akavuta kreti ya maziwa akakaa, akachukua mkono wangu wa kulia akauweka juu ya goti lake, na kwa kuwa bendeji ziko nyumbani akachukua kitambaa cha kufutia kaunta, akaanza kunionyesha taratibu, kama anavyowaonyesha watoto wake wa darasa la kwanza. Unaanzia kidole gumba, akasema. Usivute sana.