Mzee wa Marumaru Niliyemwosha

Mama yangu, shikamoo.

Mnaendeleaje hapo Sepuka? Miguu yako je, bado inavimba? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa, sikufichi. Nimeamua kuandika maana kwenye simu tunalia tu mpaka salio linakwisha, na hatujasema kitu. Mdogo wangu Zaituni akusomee polepole.

Kazi yangu hapa Roma unaijua, kufuta vumbi kwenye sanamu za marumaru za Warumi wa kale. Wengi wako uchi kama walivyozaliwa, ndiyo maana sijawahi kutuma picha. Wakwe zangu wangesema nini! Tunatumia brashi laini, kavu. Maji ni marufuku kabisa, jiwe lile huyanywa likabaki na madoa.

Ijumaa ile baba mdogo aliponipigia kwamba baba ametutoka na atazikwa baada ya alasiri, ningefikaje? Mara ngapi baba aliniambia mbele yako, "Juma, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakayeniosha"? Nami kila mara nilijibu ndiyo, baba. Ndiyo gani ile, Mama!

Kesho yake asubuhi, kabla ya wageni kuingia, nilipangiwa sanamu ya mzee mmoja. Mikono ilikatika zamani, lakini mbavu zake unazihesabu, mishipa imetokeza kwenye miundi, na magoti ni ya mtu aliyelima alizeti maisha yake yote. Sijui kilinipata nini. Nilikwenda kuchota maji. Nikamfunga taulo kiunoni, maana mzazi haachwi wazi, nikaanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, kama nilivyomwona baba akimwosha babu. Mungu anisamehe, najua lile ni jiwe.

Msimamizi wetu, mama mmoja mkali kama pilipili, akanikuta. "Wewe! Unafanya nini?" Nikamwambia baba yangu kazikwa jana, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwosha. Akachukua kitambaa kikavu, akapiga magoti, akaanza kuikausha miguu ya yule mzee, nami nikakausha kifua. Halafu akasema ripoti lazima aandike. Nimesimamishwa kazi wiki mbili. Simlaumu, maji yakimwagika hayazoleki.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie asiache kula. Mke wangu mwambie nitampigia Jumapili, asisikie haya kwa majirani. Na baba mdogo mpe shukrani zangu kwa kusimama mahali pangu.

Ila Mama, kazi si kitu. Kinachoninyima usingizi ni kwamba hakuna aliyenieleza habari ya kuoshwa kwake, nami naogopa kuuliza. Baba mdogo ana mikono mizito, alimgeuza taratibu upande ule wa kidonda? Na maji, waliyapasha moto kidogo? Baba baridi alikuwa haiwezi. Niambie waliyapasha. Kama hawakuyapasha, Mama, nakuomba unidanganye.

Mwanao wa kwanza,
Juma