Betri Isiyojaa Bagamoyo

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Tulipanga kulala Bagamoyo siku moja, leo ni ya nne. Shemeji yako ameapa hatuondoi tela letu la kulala mpaka betri ya lithiamu ijae asilimia mia kwa sola. Anaitazama kwenye simu zaidi kuliko anavyonitazama mimi. Jana ilifika tisini na saba, akatabasamu kama bwana harusi, akaenda kuswali alasiri. Akishafika msikitini, simu iko mbali, haisomi tena betri. Hapo hapo Bi Rehema, mwenye ua tulimoegesha, akaja na pasi yake na kanzu sita za wanawe. Nikaichomeka pasi kwenye betri yetu. Akaniachia mkate wa kumimina, wa moto.

Mume wangu aliporudi akakuta sabini na moja. "Mawingu haya!" akalalama, huku anatafuna mkate.

"Pole, Baba Husna. Tusubiri kesho."

Wingu lenyewe hata moja sijaliona. Kesho Ijumaa, Bi Rehema anapika biriani, na ana mapazia ya kunyoosha.

Wabusu wanao, nimewakumbuka mno. Na shemejio akikupigia, mwambie hata huko Kinondoni kumetanda mawingu.

Mdogo wako,
Zuhura