Mstari Mtupu wa Kila Ijumaa

Jumatatu, 25 Februari 2019

Bosi kaniita kabla sijavua koti. Kafunga mlango mwenyewe, kaniwekea kahawa, kaniita "dada Velichka". Stamen akiniita dada najua kuna uchafu natumwa kuufagia.

Ni habari ya Snezhina, yule wa mashine ya kola. Jumatano iliyopita alileta cheti cha daktari: mimba, wiki ya kumi na moja. Nilikipokea dirishani kwangu, nikakiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, namba 214, nikampa nakala yenye muhuri. Tangu dakika ile kisheria haguswi. Sasa bosi anataka barua ya Snezhina ya kuacha kazi iingie kwenye daftari kwa tarehe nane Februari — siku kumi na mbili kabla ya cheti. Ilani ya mwezi mmoja, tarehe kumi Machi yuko nje. Kwa hiari yake mwenyewe!

Nikamuuliza kwa nini, na likizo ya uzazi inalipwa na serikali. Akasema shida si pesa, shida ni kushikilia nafasi. Nikimshikia huyu, anasema, keshokutwa watazaa wote, na kola nitashona mimi?

Nilitakiwa kusema hapana. Nimesema nitaangalia.

Jumanne, 26 Februari

Acha niandike wazi, hapa hasomi mtu.

Barua ya Snezhina ipo. Za wote zipo. Siku ya kwanza ya kazi, kati ya mkataba na karatasi ya mafunzo ya moto, kila mshonaji anatia sahihi barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe. Mimi ndiye ninayempa kalamu. "Na hapa pia," namwambia, kwa sauti ileile ninayoulizia saizi ya aproni. Jalada la kijani, kabati la pili. Barua sitini na tatu. Yangu imo.

Halafu kuna ule mstari. Bi Pavlina, aliyekalia kiti hiki kabla yangu, alinifundisha kuwa kila Ijumaa jioni niruke namba moja kwenye daftari. Niiache tupu. "Mstari mtupu hauombi chakula, binti yangu," alisema, "na siku ukihitajika utaushukuru." Yeye alifundishwa na aliyemtangulia, enzi kiwanda kikiwa cha serikali. Bila mstari mtupu huwezi kuingiza barua ya leo kwa tarehe ya mwezi uliopita. Ukiwa nao, unaweza lolote.

Miaka kumi na moja nimeruka. Mistari hiyo ikatumika kumtoa mtu mara mbili, 2012 na 2015, na aliyeandika ni mimi. Wa 2015 aliitwa Ganka. Alikuja dirishani, akasoma jina lake, hakupiga kelele. Akaniambia nina mwandiko mzuri. Naona aibu mpaka leo.

Jumatano, 27 Februari

Nimemwambia Asparuh tukiwa mezani. Mume wangu kaniambia ninyamaze, nimebakiza miezi kumi na minne nifike pensheni. Kanikumbusha pia nani alimpeleka hospitali mwaka juzi moyo ulipogoma na theluji imefunga njia. Ni kweli. Stamen aliendesha saa mbili na nusu, mnyororo wa tairi ukakatika, akashuka akaufunga kwa mikono mitupu. Kisha akakaa nami koridoni mpaka daktari alipotoka. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mtu mbaya tu ningemkatalia siku ileile.

"Fadhila yake nitailipa mimi," nikamwambia Asparuh, "haiwezi kulipwa na tumbo la Snezhina."

"Kunywa supu yako," akasema.

Ijumaa, 1 Machi

Siku ya nyuzi. Kila mkono una uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha machipuko, hata wa bosi. Snezhina alikuja kunifunga wangu. Nikamvuta ndani, nikamwambia yote.

Nilidhani atalia. Akatazama vidole vyake. "Lakini sahihi si yangu, shangazi? Nilitia mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono."

Nikamwambia angekataa kusaini asingepata kazi, na hiyo si hiari. Akasema mumewe yuko Ujerumani kwenye mashamba, nyumbani kuna mama mkwe, bora aondoke bila ugomvi, labda mtoto akikua bosi atamrudisha. Atamrudisha! Nikapandwa na hasira, nikamwambia usiwe kondoo. Akaondoka bila kuaga. Nimemkosea. Aliyemfanya kondoo nani, kama si mimi na kalamu yangu?

Na jambo la kijinga kuliko yote: saa kumi na moja jioni, nikifunga daftari, nimeruka namba 251. Mkono umeruka wenyewe. Nikakaa nautazama ule mstari mtupu mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Jumatatu, 4 Machi

Sikukuu ya taifa iliangukia jana, leo ndiyo tunapumzika. Nimekwenda kwa Bi Pavlina. Miaka themanini na moja, bado anakanda unga mwenyewe. Kanitengea mkate wa jibini nisioweza kuumaliza.

Nikamuuliza kule kuruka kulianzia wapi. Akacheka. Enzi zao, anasema, ilikuwa huruma. Mtu amelewa siku tatu, cheti cha daktari kaleta kimechelewa — unamweka kwenye mstari wa Ijumaa, hafukuzwi. Mjane kasahau kuomba nyumba ya kiwanda kabla ya tarehe, unamweka. "Tuliokoa watu wengi, Velichka."

Nikamuuliza: na nani wa kwanza kuutumia kumtoa mtu? Akaniongezea mkate.

Nikauliza tena. Akasema kwa ukali: "Usinifanye mwizi jikoni kwangu. Mlango niliujenga wa kuingizia watu. Mkiutumia kutolea, shauri yenu."

Njia nzima nilikuwa najibishana naye peke yangu. Mlango wa uongo ni wa uongo tu, kila mwenye ufunguo ataupitia anavyotaka. Lakini ningesema hivyo mbele yake? Amezeeka. Na ni yeye aliyenipa kazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika kabla ya wote. Tangu Januari kuna mistari mitupu tisa. Nikachukua kalamu ya wino na rula. Kila mmoja nikaukata kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake: haukutumika, 5 Machi 2019, sahihi yangu. Tarehe ya leo, ya kweli. Sikutaka kusafisha uongo kwa uongo.

Wa tarehe nane Februari, namba 166, nimeukata mwisho. Nikaanza kucheka kama mwehu.

Mchana nimekula soseji mbili na mkate. Sijala kwa hamu hivi tangu Krismasi.

Jumatano, 6 Machi

Bosi kaliona daftari. Alikuja kuulizia "lile jambo letu", nikamgeuzia daftari. Akasoma mistari yote tisa kwa kidole.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga mistari iliyokuwa wazi, Bwana Stamen."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Daftari niko nalo mimi."

Akasema tutanunua daftari jipya, nitaandika upya toka Januari. Nikamwambia andika wewe. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, zimepigwa namba, na fundo la mwisho lina muhuri wa kiwanda. Nakala zenye namba ziko kwa watu: kwa Snezhina, benki, kampuni ya umeme. Utazunguka mji mzima kuzikusanya? Akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. Akasema mteja wa nje anataka makoti elfu nne kabla ya Pasaka, akikosa anahamia nchi nyingine, na sote tutakuwa kijiweni, na huyo Snezhina wangu pia. Akasema mimi sijui uzito anaobeba.

Nikasema najua. Nikasema pia kola za Snezhina ndizo pekee ambazo mteja hajawahi kurudisha.

Akainuka, akafungua kabati la pili, akapekua jalada la kijani. Akachomoa barua moja, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani. Yangu.

"Hii haihitaji mstari wa zamani, dada Velichka. Tarehe ya leo inaitosha. Una mpaka Ijumaa utafute njia."

Nilikwenda chooni nikalia. Miezi kumi na minne! Dawa za Asparuh! Nani atamwajiri mwanamke wa miaka hamsini na tisa kwenye mji wenye kiwanda kimoja? Nimelia, nimeosha uso, kisha hasira ikaja, na hasira imenifaa kuliko machozi. Niliporudi jalada lilikuwa bado mezani. Hakulichukua. Kwake mimi nilishamalizika.

Alhamisi, 7 Machi

Jalada limelala kwangu, ndani ya mfuko wa sokoni, chini ya mboga za liki. Asparuh alikwenda kutafuta liki, akaliona. Akalifungua. Akasoma majina mawili matatu, anawajua wote, mmoja ni binti wa shemeji yake.

Nikangoja aanze. Hakuanza. Akauliza kama kalamu zangu zina wino wa kutosha, akaenda kumenya viazi.

Ijumaa, 8 Machi

Saa sita mchana. Naandika kwa haraka, nitaeleza kwa nini.

Leo ni siku ya wanawake. Kama kila mwaka bosi aliingia ukumbini saa tatu na ndoo ya maua mekundu, mashine kwa mashine, ua moja na busu la shavuni. Kama kila mwaka mimi nyuma yake na orodha. Leo badala ya orodha nilibeba jalada. Yeye ua, mimi barua. Ua, barua. Alifika safu ya tatu ndipo akasikia kimya. Mashine za nyuma yake zilikuwa zimezima.

Akageuka. Na ndoo mkononi mtu hawezi kufoka vizuri.

Zdravka wa pasi, ambaye sauti yake inasikika mpaka stendi, akainua karatasi juu. "Hii nilisaini lini?"

"Siku uliyopewa mkasi," nikasema. "Kalamu nilikupa mimi. Nisameheni."

Hakuna aliyesema nimesamehewa. Sikustahili. Mmoja akataka kuchana yake, nikamzuia: ukiichana unabaki na vipande, na nakala hujui kama ipo. Geuza nyuma, andika kwamba sahihi hii ulitia siku ya kuajiriwa, bila tarehe, na unaifuta. Tia tarehe ya leo. Leta dirishani, nitaipokea, nitakupa namba na muhuri. Atakayependa akapeleke nakala ofisi ya ukaguzi wa kazi, basi la saa tisa linafika mapema.

Bosi akasema hakuna anayetoka kwenye mashine. Zdravka akamwambia leo sikukuu yetu, umesema mwenyewe, na ua umetupa.

Nilikimbia kufungua dirisha. Foleni imetoka mlangoni kwangu mpaka ngazi. Kila mmoja nampa mstari wake, siruki hata mmoja. Toka namba 272 nimefika 309. Mkono unauma. Snezhina alikuja wa ishirini hivi, hakunitazama, akachukua nakala yake akaikunja ndani ya sidiria.

Bosi naye yuko kwenye foleni. Kaja na barua yangu, keshaitia tarehe. Alitaka kupita mbele. Wakamwambia apange kama watu. Amepanga. Nitaipokea, kazi yangu ni kupokea. Ikipata namba kabla sijaifuta, nimeacha kazi kwa hiari yangu. Nimewaza: dirisha langu, daftari langu, kalamu yangu, nijiandike sasa hivi tu? Nimekataa. Hawa walisimama, na mimi nikijipenyeza kwa ndani nitakuwa bado yule wa mistari mitupu.

Kengele ya mapumziko ililia nikiwa na wanawake ishirini na wanne bado. Nikafunga kioo. Dakika thelathini, kwa sheria. Hakuna aliyeondoka. Wanakula wamesimama, maua yamechomekwa kwenye vifungo.

Hapo ndipo Snezhina akarudi, akasimama karibu na mwisho, mbele ya bosi. Bosi akamwambia mbona wewe umeshamaliza. Nikamsikia kupitia kioo, sauti ndogo lakini haikutikisika: "Namsimamia shangazi Velichka kwenye foleni. Yeye hana mtu wa kumsimamia, yuko ndani."

Bosi akamtaka apishe. Hakupisha. Zdravka na wenzake wakageuka wakatazama, wakiendelea kutafuna.

Zimebaki dakika nne. Karatasi ya kuifuta barua yangu iko mbele yangu, na mtu aliyeandika barua za wengine miaka kumi na moja hajui aanzeje yake. Tarehe nimeshaitia. Kuna anayegonga kioo.