Lori la Lydiah Limepata Pumzi

S.L.P. 214,
Runyenjes.
11 Agosti 2013.

Mpendwa mwanangu Nyamu,

Kwa jina la Mungu, awalindaye walio nyumbani na walio ugenini, nakusalimu kwa salamu nilizokuwa nikimpa marehemu ndugu yangu, baba yako. U hali gani huko Durban? Mkeo Jedidah na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima. Magoti yangu hulalamika ninapoyakunja kwa sala, lakini hunyamaza nikianza kuimba. Mke wangu, Mama Peninah, amevuna maharagwe ya kutosha.

Kifurushi chako kilifika salama. Nilikuwa nimekuandikia kwamba lori la dada yako Lydiah limeishiwa nguvu. Chujio la hewa lilipasuka, mchanga linaoubeba kutoka Kiritiri ukapenya na kuitafuna feni ya tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, hata mabawa yake yakawa butu kama meno ya mbuzi mzee. Lilipanda mlima kwa moshi mweusi na nusu ya mzigo.

Jambo ambalo kwa haya sikukuandikia ni kwamba katika kikao cha familia, mimi ndiye niliyekata neno: lisipopanda kwa mzigo kamili kufikia tarehe kumi Agosti, liuzwe. Lori hilo ndilo limlishalo yeye na wanawe tangu alipofiwa na mumewe. Lydiah aliikunja leso yake mara nne, akatoka.

Feni uliyotuma ni kazi ya kustahiwa. Fundi Njuki alinieleza kwamba imechongwa kutoka pande moja la alumini, ni nyepesi kuliko ya zamani, na mabawa yake marefu humeza hewa nyingi zaidi.

Sasa nikiri kosa langu. Kwetu gari halianzi kazi kabla ya kuombewa, nami niliona si vyema feni itangulie maombi. Jumapili niliipeleka kanisani, nikaiwekea mikono, kisha nikaipaka mafuta ya zeituni bawa kwa bawa, bila haraka. Kesho yake Njuki alipofungua kitambaa alishika kichwa.

“Mzee, ulikuwa unapika chapati? Hii huzunguka mara laki moja kwa dakika! Uchafu kidogo tu ukiganda hapa itayumba, na tabo yote iende!”

Aliiosha kwa petroli, akaipeleka Embu kwenye mashine ya kupima kama inazunguka bila kuyumba. Ilirudi Alhamisi, zikiwa zimesalia siku mbili. Siku hizo sikupata ladha ya chakula. Nilimwuliza kama maombi nayo yameoshwa.

“Maombi hayatoki kwa petroli, Mzee. Yametoka mafuta tu.”

Ijumaa aliifunga, akaweka chujio jipya na kurekebisha pampu ya dizeli ipatane na hewa hiyo mpya. Jana, tarehe kumi, nilipanda lori pamoja na Lydiah kutoka Kiritiri, mchanga umejaa hadi ukingoni. Tulipofika kilima kilicho kabla ya kanisa letu, mahali liliposhindwa kila mara, aliniambia, “Baba, Biblia mkono mmoja, mlango mkono wa pili.”

Tabo ikapiga mbinja, na lori likapanda kwa gia ya tatu, Nyamu! Nilimwuliza, “Moshi je?”

“Tazama kioo, Baba.”

Niliona vumbi letu tu. Niliimba hadi langoni kwetu.

Mnunuzi niliyekuwa nimemwita aje kulichukua lori siku hiyo alikuwa akingoja tangu saa tatu. Mama Peninah alitupokea kwa kicheko: “Mwenyekiti, mgeni wako amemaliza chai yote. Utamuuzia nini?”

Nilisema mbele yao wote kwamba niliamua kwa haraka, nikamwomba binti yangu msamaha. Lydiah alifungua leso, akanitia mkononi ile feni iliyotafunwa. “Uza hii, Baba.” Hata mnunuzi alicheka.

Sikuiuza. Iko hapa mezani, imekalia karatasi hizi zisipeperuke, na kila niitazamapo najifunza kunena polepole.

Lydiah, Mama Peninah na fundi Njuki wanakusalimu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako iliyotukumbuka, ailinde nyumba yako na kila aingiaye humo, na awape pumzi ya kupanda kila kilima kilicho mbele yenu. Amina.

Ni mimi babako akupendaye daima,
Eliphaz Kathuri